Nyumba ya Biskuti ya Tangawizi Isiyobomoka: Mwongozo Kamili wa Kuijenga Mwenyewe

Nyumba nyingi za biskuti za tangawizi huangushwa na haraka. Biskuti zimetoka kwenye oveni saa nane mchana, kuta zimesimamishwa saa tisa, paa limepachikwa saa kumi, na watoto hawajamaliza kubandika peremende kabla paa halijaanza kuteleza upande mmoja likiburuta ukuta. Vipimo vya unga vilikuwa sawa na mkono haukuwa mbaya. Kilichokosekana ni muda wa biskuti kukauka na muda wa gundi kushika.

Ndiyo maana hapa kazi hii inachukuliwa kuwa ujenzi kwanza, upishi baadaye. Ladha ipo na nyumba italika, lakini kuanzia kiasi cha siagi hadi saa ya kupandisha paa, kila kitu kimepangwa ili kuta zisimame wima mpaka sikukuu ipite.

Nyumba za namna hii zina asili yake Ujerumani, na zimesambaa mbali. Katika mji wa Bergen, Norway, tangu mwaka 1991 hujengwa kila msimu wa Krismasi mji mzima wa biskuti za tangawizi, wenye nyumba, meli na treni. Anayeanza hahitaji kwenda huko kote. Kibanda cha kuta nne na paa la mabawa mawili kinatosha kabisa, na akishakimudu hicho, kanisa lenye mnara au ghala la shamba ni suala la kuongeza vipande tu.

Ratiba kabla ya unga

Gawa kazi katika siku nne fupi. Siku ya kwanza chora violezo na ukande donge. Ya pili sukuma, kata na uoke, kisha acha vipande vikauke usiku kucha. Ya tatu pamba kuta zikiwa zimelala mezani, halafu zisimamishe. Ya nne pandisha paa asubuhi na umalizie mapambo jioni.

Ukibanwa na muda, siku mbili zinawezekana, ila kuna mahali pawili pasipoguswa: usiku wa kukausha biskuti, na saa kadhaa kati ya kuta na paa. Kwingine kote unaweza kubana upendavyo.

Ramani ya nyumba

Chora kila kipande kwenye kadibodi nyembamba, kwa rula na penseli iliyochongoka, na ukate kwa uangalifu. Kosa la milimita tatu kwenye kadibodi litakuwa ufa wa milimita tatu kwenye kona.

Vipimo hivi vinatoa nyumba ya ukubwa wa wastani inayoingia kwenye trei ya kawaida.

Ukuta wa mbele na wa nyuma unafanana: chini una upana wa sentimita 14, pande zake zinapanda wima sentimita 10, kisha zinainama ndani hadi kukutana kwenye ncha iliyo katikati, sentimita 17 kutoka chini. Kuta mbili za pembeni ni mistatili ya sentimita 16 kwa 10. Mabawa mawili ya paa ni mistatili ya sentimita 20 kwa 11.5.

Ni vizuri ujue vipimo vya paa vimetoka wapi, kwa sababu siku utakapotaka kuikuza nyumba au kuipunguza ndipo wengi hukwama. Nusu ya upana wa ukuta wa mbele ni sentimita 7, na ncha iko sentimita 7 juu ya mahali kuta za pembeni zinapoishia. Mwinamo huo ni wa nyuzi 45, na urefu wake, kutoka ncha hadi kona, ni karibu sentimita 9.9. Bawa la sentimita 11.5 linabakiza kama sentimita moja na nusu ya kutokeza nje ya ukuta, yaani upenu. Kwa upande wa urefu, kuta za pembeni zinakaa katikati ya ule wa mbele na wa nyuma. Biskuti ina unene wa milimita 6, hivyo nyumba nzima inakuwa na sentimita 17.2, na bawa la sentimita 20 linatokeza sentimita 1.4 mbele na nyuma. Ukibadilisha kipimo chochote, rudia hesabu hii kabla ya kushika kisu.

Mwinamo huo nao una sababu. Paa lililolala sana huzisukuma kuta kwenda nje, na biskuti yenyewe hupinda katikati kwa uzito wake. Lililosimama sana huteleza kabla gundi haijashika. Nyuzi 45 hazina matata, na pia zinarahisisha dohani: kwa dohani ya upana wa sentimita 3, kata mstatili mmoja wa sentimita 6 kwa 3, mraba mmoja wa 3 kwa 3, na vipande viwili vyenye upana wa sentimita 3 ambavyo upande mmoja una urefu wa 6 na mwingine 3, chini vikikatwa mshazari. Mshazari huo utakaa barabara juu ya paa.

Mlango wa sentimita 4 kwa 6.5 unatosha. Madirisha yawe ya sentimita 3 kwa 3, na usilisogeze dirisha karibu na ukingo wa ukuta kuliko sentimita 2, kwa kuwa kipande chembamba cha biskuti kati ya tundu na ukingo ndicho kinachovunjika kwanza. Ukitaka kuweka taa ndani, toboa ukuta wa nyuma tundu la sentimita 4 hivi, chini kabisa, mkono au waya upite.

Sasa chukua utepe wa kunata (selotepu) na uunganishe violezo vyote kuwa nyumba ya kadibodi. Ni kazi ya dakika kumi. Ikisimama bila pengo, bandua na uendelee. Ikiwa na pengo, umelijua tatizo wakati dawa yake ni mkasi.

Donge la kujengea

Biskuti ya kujengea si ile ya kunywea chai. Haiwekwi beking poda wala magadi ya soda. Vitu hivyo hutoa gesi, gesi huvimbisha na kutandaza biskuti ndani ya oveni, na ukuta uliokatwa sentimita 14 ukitoka na 14.5 hauwezi kukaa na mwenzake. Siagi nayo hupungua, kwa sababu mafuta mengi hufanya biskuti iwe laini na ya kumung'unyika.

Mahitaji ni haya:

- unga wa ngano gramu 700, na kidogo cha kunyunyizia
- siagi au majarini gramu 200
- sukari ya kahawia gramu 200
- molasi au sirapu nzito ya sukari gramu 300
- tangawizi ya unga kijiko kikubwa kimoja na nusu
- mdalasini wa unga kijiko kikubwa kimoja
- karafuu ya unga nusu kijiko cha chai
- chumvi nusu kijiko cha chai

Hilo ni donge la karibu gramu 1,400. Kuta, paa na dohani hula kama gramu 900. Masalio ni ya miti, ua, na ukuta wa akiba. Oka kila mara bawa moja la paa la ziada. Ni bima ya bei nafuu kuliko zote katika kazi hii.

Asali inaweza kushika nafasi ya molasi na ladha yake ni nzuri, lakini asali hupenda kuvuta unyevu wa hewani, na nyumba yake hulainika mapema. Mahali penye hewa kavu itumie bila wasiwasi. Kuhusu viungo, wapo wanaoviacha wakisema nyumba ni ya pambo tu. Sikubaliani nao. Hata isipoliwa, harufu ya tangawizi na karafuu sebuleni ni nusu ya sababu ya kuijenga.

Weka siagi, sukari na molasi kwenye sufuria juu ya moto mdogo, ukikoroga hadi siagi iyeyuke na chembe za sukari zisisikike tena ukisugua tone kati ya vidole, lililopoa. Usiache mchanganyiko uchemke. Epua, acha upoe hadi uwe vuguvugu. Changanya unga na viungo kwenye bakuli kubwa, weka kando gramu 50 za unga, kisha mimina uji ule na ukande. Donge likiwa bado linanata mikononi, ongeza ule unga wa kando kidogo kidogo. Unalolitafuta ni donge linalong'aa kidogo, zito, lisilonata wala kupasuka ukilikunja.

Lifunge kwa plastiki na ulipumzishe saa mbili mahali pa baridi, au usiku kucha kwenye friji. Pumziko hili huufanya unga unywe umajimaji sawasawa na kuulegeza, ili vipande visijikunje kurudi nyuma ukishavikata. Likitoka kwenye friji litakuwa gumu kama tofali. Liache nje mpaka likubali kidole.

Kusukuma na kukata

Siri ya vipande vilivyonyooka ni kutovinyanyua. Sukuma donge moja kwa moja juu ya karatasi ya kuokea, weka violezo, kata, kisha ondoa masalio yaliyo pembeni na uache vipande palepale vilipo. Karatasi nzima ndiyo inayohamia kwenye trei. Ukikata mezani na kubeba ukuta kwa mikono, utarefuka mahali na kupinda kwingine, na hautarudi.

Unene uwe milimita 6 kwa kuta na milimita 5 kwa paa. Weka vijiti viwili vya unene huo kulia na kushoto kwa donge, mti wa kusukumia upite juu yake, na unene utakuwa mmoja kila mahali. Dohani na mapambo madogo milimita 4 inatosha. Kata kwa kisu chenye makali au gurudumu la kukatia piza, kwa kukandamiza kutoka juu kuliko kukokota. Kisu kinachokokotwa huvuta kona.

Ukitaka alama za mbao au matofali, zichore sasa kwa mgongo wa kisu, zisiingie ndani zaidi ya theluthi ya unene. Kisha weka trei kwenye friji dakika 15 kabla ya kuoka. Donge baridi hushika umbo lake vizuri zaidi joto linapolipiga.

Kuoka, kunyoosha, kukausha

Pasha oveni hadi nyuzi 175 za Selsiasi. Oka vipande vya ukubwa unaolingana pamoja: kuta na paa huchukua dakika 15 hadi 18, dohani dakika 8 hadi 10. Oveni hazifanani, hivyo tazama kingo; zikishakuwa na rangi iliyokolea kuliko katikati, na katikati pakibonyezwa hapabaki shimo, toa. Ni afadhali biskuti iliyoiva kupita kiasi kidogo kuliko iliyobaki laini katikati.

Biskuti inapotoka huwa bado laini, na una dakika moja au mbili tu za kuitengeneza. Laza kiolezo juu yake, shikilia rula kwenye kingo, na ukate chochote kilichotanuka. Kipande kilichovimba katikati kilalie kwa trei nyingine safi, ukandamize kwa upole. Baada ya hapo usikiguse mpaka kipoe, maana kipande cha moto kikinyanyuliwa hupinda, na kikishapoa kimepinda hivyo hivyo.

Vikishapoa, hamishia vipande kwenye wavu ili hewa ipite chini na juu, uviache usiku kucha. Asubuhi gonga ukuta kwa kucha. Sauti kavu, ya kama kigae, inasema tayari. Sauti bubu inasema bado kuna unyevu ndani: virudishe kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa dakika 30 hadi 45, vipoe tena kwenye wavu. Mahali pa joto na hewa nzito, fanya hivyo hata kama sauti inaonekana nzuri.

Kingo zisizonyooka zisugue kwa kikunio chenye meno madogo, polepole, ukielekeza mkono upande mmoja tu. Simamisha kila ukuta mezani kuona kama unagusa meza urefu wote. Unga unaodondoka usiutupe. Una kazi mbele.

Vioo vya madirisha

Chukua peremende ngumu zinazopitisha mwanga, zile za kumumunya, uzitie kwenye mfuko na kuziponda ziwe chembe kama sukari nene. Kuta zikibakiza dakika tano kuiva, toa trei, jaza kila dirisha chembe hizo hadi karibu kulingana na unene wa biskuti, na urudishe. Zitayeyuka na kutandaa zenyewe. Mara mapovu yakianza, toa. Zikiachwa hubadilika rangi na kuonja uchungu. Usibandue ukuta kwenye karatasi mpaka vioo viwe vigumu kabisa. Hapo ndipo karatasi ya kuokea inapokuwa ya lazima, kwa kuwa sukari iliyoyeyuka ikigandia kwenye trei tupu utavunja ukuta kabla haijabanduka.

Gundi: aisingi ya ute wa yai

Kwa nyumba hii unahitaji ute wa mayai mawili (karibu gramu 65), sukari ya unga gramu 400 hadi 450 iliyochekechwa, na nusu kijiko cha chai cha maji ya limau. Bakuli na mapigio viwe havina hata tone la mafuta, na ute usiwe na doa la kiini. Mafuta kidogo tu huzuia povu kusimama. Piga ute na limau hadi utoe povu jepesi, ongeza sukari kijiko kwa kijiko, kisha piga kwa mashine dakika tano hadi saba. Ya kujengea iko tayari ukichomoa pigio na kilele cha aisingi kikabaki kimesimama bila kuinama. Ukichora mstari kwa kisu ndani ya bakuli, ubaki vilevile.

Ute huu hauivi popote. Ikiwa nyumba italiwa, na hasa na watoto wadogo, wajawazito, wazee au wagonjwa, tumia ute wa pasteurisheni, yaani uliokwisha kupashwa joto kuua vijidudu, au poda ya ute wa yai kulingana na maelekezo ya pakiti. Nguvu ya gundi ni ile ile.

Aisingi hukauka juu ndani ya dakika chache. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi muda wote, na nozeli, yaani ncha ya mfuko wa kubinyia aisingi, ichomeke kwenye kitambaa hicho unapopumzika. Gawa mapema: sehemu kubwa ibaki nzito kwa kuunganishia, sehemu ndogo izimuliwe kwa matone ya maji kwa ajili ya kuchorea.

Wengine huunganisha kwa sukari iliyoyeyushwa kwenye sufuria hadi ikawa ya rangi ya kaharabu. Inashika kwa sekunde, jambo ambalo ni faida na hasara kwa pamoja: ukishapachika ukuta vibaya, umepachika. Tena ina joto la zaidi ya nyuzi 160 na hung'ang'ania ngozi, kwa hiyo watoto wasiwe karibu. Kwa mjenzi wa mara ya kwanza, aisingi ni rafiki zaidi.

Pamba kuta zikiwa zimelala

Hatua hii huachwa na wengi, kisha hujikuta wakichora fremu ya dirisha kwenye ukuta uliosimama huku aisingi ikitiririka kuelekea sakafuni. Chora fremu, maua, milango na matofali sasa, vipande vikiwa mezani. Acha sentimita moja tupu kwenye kingo zote zitakazounganishwa, maana aisingi ya gundi inataka biskuti tupu, si aisingi nyingine. Acha mapambo yakauke kwa saa mbili.

Kusimamisha

Msingi uwe ubao au kadibodi nene ya tabaka kadhaa, iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, pana kuliko nyumba kwa sentimita 8 kila upande. Msingi unaopinda ukinyanyuliwa utapasua kila kiungo ulichotengeneza, hivyo ujaribu kwa kuunyanyua ukiwa mtupu, na kilo moja ya kitu katikati.

Chora kwa penseli mahali nyumba itakapokaa. Tafuta makopo manne mazito ya chakula, yasiyofunguliwa.

Anza na ukuta wa nyuma. Binya mstari mnene wa aisingi kwenye ukingo wake wa chini, usimamishe juu ya alama, uegemeze kopo ndani na jingine nje. Chukua ukuta mmoja wa pembeni, binya aisingi chini na kwenye ukingo utakaogusa ule wa nyuma, usukume mpaka aisingi itokeze kidogo kwenye kona. Ikitokeza, kiungo kimejaa. Ngoja dakika 15, kisha ukuta wa pili wa pembeni, na mwisho wa mbele.

Kabla aisingi haijakauka, pima kwa rula kutoka kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, kona zote zimekaa nyuzi 90. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita tatu, sukuma taratibu kona iliyo kwenye mshazari mrefu hadi vilingane. Mafundi wa nyumba za kweli hupima msingi vivyo hivyo, na ukiruka hatua hii paa ndilo litakalokusuta.

Sasa ingiza nozeli ndani na upake aisingi nyingi kwenye kona zote nne za ndani na pale kuta zinapokutana na msingi. Hakuna atakayeona, na ndiyo inayobeba nyumba. Kwa nyumba kubwa kuliko hii, simika ndani ukuta mmoja wa akiba, katikati, kwa upana, kushikilia paa. Ondoa makopo ya ndani kabla hujasahau. Paa likishafunga hayatoki.

Acha saa nne angalau. Usiku mzima ni bora.

Paa

Binya aisingi kwenye mistari yote ya juu: miinamo ya ukuta wa mbele na wa nyuma, na vichwa vya kuta za pembeni. Laza bawa la kwanza, ukingo wake wa juu ulingane na ncha za kuta. Weka chini ya upenu kitu cha kulizuia lisiteleze, kwa mfano vikombe vilivyopinduliwa vyenye kimo cha kufaa. Binya aisingi kwenye ukingo wa juu wa bawa hilo, kisha lete la pili liegemee. Shikilia yote mawili kwa viganja kwa dakika tano kamili, ukitazama saa. Dakika tano za kushikilia paa ni ndefu ajabu, na karibu kila mtu huachia kwenye ya pili.

Juu kwenye kilele utabaki mfereji kati ya mabawa mawili. Ujaze aisingi. Vizuizi vya upenuni vikae saa nne, na uzito wowote wa mapambo usubiri mpaka hapo. Dohani iunganishe pembeni, vipande vinne mezani, na uipachike paa likishakauka.

Mapambo yenye mpango

Vigae vya paa hupangwa kuanzia upenuni kwenda juu, kila mstari ukilalia kidogo ulio chini yake na kuficha viungo vyake. Lozi zilizokatwa nyembamba, konfleksi au biskuti ndogo za duara hufaa kwa sababu ni nyepesi. Peremende nzito zipange chini, kwenye njia ya mlangoni na ua, siyo juu ya paa.

Theluji inayoning'inia upenuni inahitaji ujanja mmoja tu. Gusisha nozeli kwenye ukingo, binya ili tone linenepe, acha kubinya, ndipo uvute chini. Anayevuta huku akiendelea kubinya hupata kamba ndefu inayokatika. Changanya urefu, mengine mafupi mengine marefu. Yakilingana yote huonekana kama kitana.

Miti hutengenezwa pia kwa koni za aiskrimu zilizopinduliwa na kupakwa aisingi ya kijani. Kwa watoto hii ndiyo sehemu ya kuwaachia bila kuingilia, kwani koni hata ikipambwa kupita kiasi haibomoi kitu. Mwisho kabisa, chekecha sukari ya unga juu ya kila kitu kutoka kwenye kimo cha mkono. Huficha alama za vidole.

Taa iwe ndogo ya betri, isiyotoa joto. Mshumaa hulainisha paa na ni hatari ya moto.

Kikivunjika

Ukuta uliopasuka vipande viwili hauhitaji kuokwa upya. Ulaze kifudifudi, unganisha ufa kwa aisingi, bandika nyuma yake ukanda wa biskuti ya akiba kama plasta, na uache usiku kucha. Pengo kwenye kona lijaze kwa ule unga uliodondoka ulipokuwa ukisugua, ukiuchanganya na aisingi kidogo uwe na rangi ya biskuti. Paa likianza kushuka katikati kabla ya mapambo, liondoe, likaushe tena kwenye oveni, au tumia bawa la akiba. Likishuka baada ya mapambo, pitisha kwenye tundu la nyuma kipande cha biskuti kilichokatwa kwa kimo na ukisimamishe ndani kama nguzo.

Kuiweka na kuila

Adui aliyebaki ni unyevu. Sukari huvuta maji ya hewani, biskuti hulainika, vioo vya peremende huanza kunata. Usiiweke jikoni kwenye mvuke, wala bafuni karibu, wala kwenye friji, ambako itatoka na kutokwa jasho. Chumba kikavu, mbali na jua la dirishani, kinaifaa. Siku za hewa nzito, feni inayopuliza taratibu kuelekea upande huo husaidia sana, na usiku unaweza kuifunika kwa boksi kubwa lenye pakiti chache za kukaushia unyevu, zilizowekwa mbali na mikono ya watoto. Kwa sisimizi, inua msingi juu ya vikombe vinne vilivyopinduliwa, kila kimoja kikiwa ndani ya kisahani cha maji.

Ukikusudia kuila, ile ndani ya wiki moja, na mapema zaidi kama imekaa wazi watu wakipita. Biskuti itakuwa ngumu. Vipande vichovye kwenye chai au maziwa ya moto. Iliyokaa mwezi mzima na vumbi ni ya kutupwa, lakini kabla ya hapo toa taa na betri zake, na ubao wa msingi uusafishe na kuufunga kwenye mfuko pamoja na violezo vya kadibodi, ukiandika vipimo juu ya kila kimoja.